Kwa Naserian, Kuhusu Ile Kazi Niliyoikataa

Kitengela, Jumamosi, baada ya chakula cha mchana

Naserian, enkerai ai, mwanangu,

Umeenda Isinya na mama yako kumuaga Kokoo, mama yangu, na mimi nimebaki nikisingizia kwamba dukani kuna kazi nyingi. Hakuna kazi. Tangu mwondoke nimeuza chupa moja ya dawa ya kupe na jiwe moja la chumvi ya ng'ombe, na huyo wa chumvi alitaka tu mtu wa kupiga naye soga. Nimebaki kwa sababu nina jambo la kukuambia, na kila nikijaribu kulisema kwa mdomo linageuka mzaha au linageuka kelele. Unanijua. Basi nimechukua daftari la duka, nimerarua kurasa za katikati, na nimefunga mlango nusu ili wateja wadhani nimeenda kula.

Kesho saa kumi na mbili asubuhi unapanda gari la Eldoret kwenda chuo. Kesho hiyo hiyo, saa nne, muda wa kuwajibu wale watu wa kazi ya kutafsiri kwa simu unaisha. Nafasi wamekupa, na wewe hujawajibu kwa sababu mimi nilisema hapana na sikusema kwa nini. Wiki mbili sasa unaniletea chai, unanisalimia kwa heshima, na hujauliza tena. Afadhali ungenuna. Ungenuna hata kidogo ningejua pa kuanzia.

Mambo ya blanketi, sufuria na nani wa kumkopesha nguo sitayagusa. Mama yako ameandika karatasi mbili, mbele na nyuma, na ameziweka juu ya sanduku lako. Nimezisoma. Hapo mwishoni amekuambia usile chipsi za barabarani, na mimi na wewe tunajua utakula. Mimi nataka kukuambia makosa yangu. Ni matatu, na yanaanza na lililo jepesi.

Ulipomaliza kidato cha nne tukakununulia ile laptop iliyotumika, mimi nilidhani ni ya kutazama filamu ukingoja chuo. Ukasema unatafuta kazi. Nikakuuliza kazi gani, iko wapi, mwenyewe ni nani. Ukaniambia, "Papa, hii ni ya online. Unafanya ukiwa home, saa zile uko free." Nikaitikia kama mtu aliyeelewa. Ukweli ni kwamba kwetu mtu aliye nyumbani hana kazi, na ndiyo sababu anatumwa. Kwa hivyo nilikutuma. Nilikutuma unga. Nilikutuma kwa fundi wa pikipiki. Nilikuita ushike mbuzi nimdunge sindano, ukaja mbio na vile vitu vya masikioni vikiwa shingoni, ukashika mbuzi, ukarudi. Sikujiuliza hata mara moja umeacha nini kwenye ile meza.

Baadaye ndipo mama yako alinieleza ulikuwa umepitia nini. Wale wa kwanza walikuahidi kazi ya kuandika data, kisha wakataka utume pesa za kujisajili. Ukawaambia kazi inalipa mtu, mtu halipi kazi. Mama yako aliponisimulia hilo nilicheka peke yangu dukani mpaka mteja akaondoka. Kisha wakaja wale waliotaka uwaandikie wanafunzi wa ng'ambo insha zao, wao waweke majina yao. Walilipa vizuri, na wasichana wawili uliosoma nao walikuwa wanafanya. Ukakataa. Mama yako, ambaye amefundisha watoto wa darasa la pili maisha yake yote, alifurahi kana kwamba umepata digrii. Mimi sikujua lolote. Nilikuwa nasema kwa wateja, "Huyo msichana wangu ananenepesha kiti."

Ukaenda ukapata kazi ndogo ndogo: kusikiliza sauti na kuandika yaliyosemwa, kumfundisha yule mzee wa Ujerumani Kiswahili cha salamu kila Jumatano. Yule mzee nilimpenda. Nilikuwa nikipita dirishani namsikia akisema "habari ya ng'ombe" na wewe humsahihishi, kwa sababu uliona inamfurahisha. Wewe mwenyewe ulisema kitu ambacho sikukisikia wakati huo. Ulisema, "Papa, wengi wako na English. Wengi wako na Kiswahili. Lakini mtu wa Kimaa, Kiswahili na English, zote tatu safi, hao si wengi. Mimi natafuta mahali hiyo inahitajika." Ulikuwa na miaka kumi na minane. Mimi nilikuwa na miaka hamsini na nilikuwa naangalia taarifa ya habari.

Ukapata mahali hapo. Daktari yuko kwa kliniki, mgonjwa hajui lugha ya daktari, basi wanapiga simu na mtu wa katikati anawasaidia kuelewana. Mara nyingi ni Kiswahili na Kiingereza, na wagonjwa wako mbali sana na hapa. Mara nyingine ni Kimaa, na mgonjwa ni mama wa Illasit aliyembeba mtoto mwenye homa mbele ya daktari mgeni kabisa. Unachagua saa zako. Ukiwa na darasa, unafunga. Ukitoka, unafungua. Kazi ya mwanafunzi ni hiyo hasa.

Sasa hilo kosa la kwanza. Siku ya mtihani wao, ile Alhamisi, nilikuja nyumbani na wazee wanne wa kamati ya kanisa. Nikawakalisha sebuleni. Nikaita, "Naserian! Kuja usalimie wazee!" Hukujibu. Nikaita tena, kwa sauti ile ya boma. Ukatoka chumbani, ukainama, ukampa kila mzee kichwa akuguse, mmoja baada ya mwingine, na yule wa mwisho akakushika hapo hapo akikuuliza habari za shule na kukuombea safari. Nilijivuna sana. Nilisema moyoni, huyu amelelewa. Wazee walipoondoka mama yako akaniambia, "Baba Naserian, mtoto alikuwa kwa mtihani. Mtu alikuwa kwa laini anamsikiliza. Ameanguka."

Uliomba kurudia, wakakungojesha mwezi mzima. Hukuniambia neno. Mama yako alibandika karatasi kwenye mlango wako, KAZI, kwa herufi kubwa za kufundishia watoto, na mimi nikawa napita hapo kwa vidole vya miguu. Lakini pole sikusema. Nakuambia sasa. Pole, Naserian. Wazee wangengoja. Wazee kazi yao kubwa ni kungoja, na chai ilikuwepo.

Kosa la pili unalijua, ila hujui lilitoka wapi.

Ulikuwa unajiandaa kurudia mtihani. Jioni moja ukatukalisha, mama yako akawa daktari, mimi nikawa mgonjwa. Mama yako akavaa miwani yake na akaanza kuuliza kwa Kiingereza, kwa ukali, kana kwamba maumivu yangu ni hesabu niliyokosa. Mimi nikajibu kwa Kimaa nikishika tumbo. Nilikuwa nafurahia. Nikaona nikutege kidogo. Nikasema kwa Kimaa, "Huyu daktari anaonekana hajui lolote, na viatu vyake ni vibaya." Wewe hukupepesa jicho. Ukamgeukia mama yako ukamwambia kwa Kiingereza, "Daktari, unaonekana hujui lolote, na viatu vyako ni vibaya." Mama yako aliitazama miguu yake. Tulicheka mpaka kuku wakastuka.

Nikakuuliza, "Mbona umemwambia? Hiyo si ya ugonjwa."

Ukasema, "Papa, rule ni hiyo. Kila kitu. Siwezi kuchagua gani inafaa na gani haifai. Niko hapo kwa niaba ya wote wawili. Nikiruka hata kitu kidogo, natolewa."

Wewe na mama yako mliendelea kucheka. Mimi nilitoka nikaenda kuangalia kama lango limefungwa, na lango lilikuwa limefungwa.

Wiki iliyofuata ukapita mtihani, ukaletewa ile barua ya kazi, ukaja nayo mbio mpaka dukani, umefungua simu, unatabasamu mpaka meno ya nyuma. Nikakuambia, "Hiyo kazi hapana." Ukauliza, "Kwa nini, Papa?" Nikasema, "Tafuta ingine. Kutafsiri hapana." Kulikuwa na mtu akinunua dawa ya minyoo. Akatazama kando. Ukasema, "Sawa, Papa," ukaenda.

Nadhani ulifikiri naidharau, au bado naamini kazi ni ile ya kutoka na kurudi na vumbi. Si hivyo. Nilikataa kwa sababu kazi hiyo ilikuwa kazi yangu ya kwanza, na niliifanya vibaya, na mtu niliyemwumiza ni Kokoo.

Hapo Isinya unapomwona Kokoo, ukitazama upande wa silanga, lile bwawa la kunyweshea ng'ombe, unaona ile fensi ndefu ya waya na mawe. Umekua ukiiona. Umekua pia ukisikia kwamba aliyeiweka alitudanganya. Mimi ndiye niliyekuambia. Nimewaambia ndugu zangu wote hivyo, na wao wamewaambia watoto wao.

Nilikuwa na miaka ishirini na miwili. Baba yangu alikuwa amefariki. Ukame ulikuwa umepita na ng'ombe wengi, na wadogo zangu walikuwa wanarudishwa nyumbani kutoka shule. Kokoo akaamua kuuza kile kipande kilicho kati ya boma na maji. Mnunuzi akaja kutoka Nairobi na mpima ardhi, watu wa heshima, wana haraka. Hawakujua Kimaa. Katika boma lote mimi peke yangu ndiye niliyekuwa na Kiswahili cha shule na Kiingereza cha kutosha, kwa hivyo nikasimama katikati.

Naserian, sijui kama nitaweza kukueleza vile nilivyojisikia. Mpaka siku hiyo nilikuwa kijana wa kutumwa, kama wewe na ule unga. Ghafla wakubwa wote wananingoja mimi. Mnunuzi akiongea, wazee wananitazama mdomo. Mama akiongea, mnunuzi ananitazama mdomo. Mpima ardhi aliniita "bwana." Mnunuzi akasema angehitaji mtu wake upande huu, kijana anayejua lugha, na aliposema hivyo alinitazama mimi. Nilikuwa nimevaa shati la marehemu baba. Nilisimama wima kama mlingoti wa bendera.

Tulipofika mwisho Kokoo akasema anauza, lakini njia ya ng'ombe ya kwenda kwenye maji ibaki wazi. Hilo ndilo lililokuwa sharti lake moja tu. Nami nikaona uso wa mnunuzi. Alikuwa anatazama saa. Nikajiambia, nikilisema hili ataanza kuuliza njia ina upana gani, inapita wapi, wataanza kupima tena, labda atakwenda zake, na ile nafasi yangu itakwenda naye. Nikajiambia nitamweleza baadaye, polepole, nikishakuwa mtu wake. Nikasema kwa Kiswahili, "Mama anasema amekubali." Wakapeana mikono.

Baadaye haikufika. Ile nafasi nayo haikufika, maana mnunuzi alimchukua binamu yake mwenyewe. Mwezi wa tatu fensi ikasimama. Kokoo akaniuliza, "Njia iko wapi?" Nikamwambia wale watu wamebadilisha maneno. Alinitazama kidogo, akaenda kukamua.

Yule mnunuzi hakubadilisha neno lolote. Hakuwahi kuambiwa. Tumemwita mwizi miaka hii yote na yeye alinunua kile alichoelezwa na akalipa walivyopatana.

Tangu hapo ng'ombe wa Kokoo wanazunguka. Wanakwenda mpaka barabara kubwa, wanaifuata, wanarudi upande wa pili. Asubuhi na jioni. Mwaka mmoja lori liligonga ng'ombe wake mwekundu, Nanyokie, aliyekuwa anakuja akiitwa kwa jina. Mimi ndiye niliyeitwa kumchinja pale barabarani. Nilimchinja, na hata siku hiyo sikusema.

Kwa hivyo uliposema nikiruka hata kitu kidogo natolewa, nilisikia mtu amenitaja jina. Na ulipokuja na barua ya kazi niliogopa. Nilijiambia huyu ni damu yangu, siku moja daktari atakuwa na haraka, mgonjwa atakuwa mrefu wa maneno, na yeye atafupisha kidogo tu ili mambo yaende. Nikaona heri usisimame pale kabisa. Nikakunyima kazi uliyoitafuta kwa miezi kwa sababu ya mdomo wangu mimi. Hilo ndilo kosa la pili, na nimekuja kuona lilikuwa ni lile la Isinya, ambalo ndilo la tatu na la zamani kuliko yote, likivaa nguo zingine.

Jumanne nilikwenda Isinya peke yangu. Mama yako nilimwambia napeleka chumvi. Kwa kweli chumvi nilipeleka.

Kokoo alikuwa amekaa kwenye kiti chake cha plastiki nje, anamnyonyesha mtoto wa mbuzi aliyeachwa na mama yake, kwa chupa ya soda. Nikakaa kwenye jiwe. Nikamwambia yote. Nilimwambia kwa Kimaa, nikitazama yule mbuzi, kwa sababu uso wake sikuweza. Nilipomaliza aliinamisha chupa mpaka mbuzi akaimaliza.

Kisha akasema, "Haya. Sema sasa."

"Niseme nini, Yeyo?" nikamuuliza mama.

"Yale maneno yangu. Kwa Kiswahili. Vile ungewaambia."

"Kwa nani? Hakuna mtu hapa."

"Mbuzi yuko. Sema."

Nina miaka hamsini na kitu, Naserian, nina duka, nina mvi. Nilisimama. Hata sijui ni kwa nini nilisimama. Nikasema kwa Kiswahili, kwa sauti, "Mama anasema anauza, lakini njia ya ng'ombe ya kwenda silanga ibaki wazi. Itumike na yeye na watoto wake."

"Na wajukuu," akasema Kokoo. Alisema kwa Kiswahili. "Mimi nilisema na wajukuu. Umeruka tena."

Nikamuuliza kama alijua. Akanijibu akirudi kwenye Kimaa, "Niliuza maziwa Kitengela kabla wewe hujaota meno. Ulifikiri nilikuwa nauza kwa kunyamaza? Kiswahili cha maziwa kinatosha mtu kujua mtoto wake amemruka."

"Mbona hukusema? Pale pale?"

Akampangusa mbuzi mdomo kwa pembe ya shuka. Akasema, "Siku hiyo ulikuwa umesimama vizuri sana mbele ya wale watu. Sijawahi kukuona umesimama hivyo tangu baba yako afe. Nikasema, basi, ng'ombe watazunguka."

Nilitoka nje ya boma nikajifanya naangalia gurudumu la pikipiki. Nililia. Sikulia hivyo hata tulipomzika baba. Nilipata aibu na nikapata raha, vyote pamoja, na sikujua kipi kinatoa machozi. Niliporudi alikuwa ameweka chai. Akaniuliza habari zako. Nikamwambia kuhusu kazi, na vile nilivyokataa. Aliniita jina ambalo wewe ungelazimika kulitafsiri kwa daktari lote, lakini mimi sitaliandika hapa.

Tangu Jumanne najisikia mwepesi. Ndugu zangu nimewapigia simu mmoja mmoja na kuwaambia habari ya yule mnunuzi. Mmoja alikasirika, mmoja alicheka, mmoja akasema alishuku. Wiki ijayo nitamtafuta mnunuzi mwenyewe, au watoto wake, nimwombe msamaha kwa jina baya, na nimfikishie lile sharti la mama, limechelewa lakini zima. Sidhani atabomoa fensi. Labda ataweka lango. Hata akikataa, safari hii atakuwa amekataa maneno ya mama yangu na si kimya changu.

Sasa wewe. Sitaki kukufundisha kazi yako, unaijua kunishinda. Nina mambo machache tu ambayo nimeyaona kwa kuishi bila mwajiri wa kunipigia kengele, maana hata mimi, kununua na kuuza mbuzi miaka ishirini, nilikuwa nachagua saa zangu. Saa za kuchagua zina ubaya wake. Hata zile za kulala unaweza kuzichagua, na mtu hakuzuii. Nilikosa kuzaliwa kwako kwa sababu nilikuwa nimechagua mnada wa Kajiado. Niliuza vizuri siku hiyo na siwezi kukumbuka nilimuuzia nani. Weka saa za kufunga na uzifunge kweli, hata kama simu zinaingia.

Na wale utakaokaa nao chumba kimoja waambie kabla. Usinyamaze kama ulivyoninyamazia mimi. Uliniacha nikuite mara mbili, ukaja kuinama, kwa sababu ya heshima. Heshima hiyo ilikugharimu mwezi. Ungefungua mlango ukasema, "Papa, niko kazini, nitawasalimia baadaye," ningekasirika mpaka wakati wa chai, basi. Baba hukasirika na hupoa. Nakuruhusu kunikasirisha.

Utakosea pia. Nimekubali hilo, na ndipo hofu ikaniacha. Siku moja utachoka, utaruka kitu, na utagundua sentensi tatu baadaye. Hapo ndipo nataka unikumbuke, nikiwa na shati la baba yangu, nikijiambia nitasema baadaye. Simamisha watu. Sema, "Samahani, nimeruka jambo, narudia." Daktari atapumua kwa nguvu. Utaona haya dakika moja. Mimi nimeona haya miaka karibu thelathini.

Maana Kokoo alinyamaza kwa kuwa alinipenda. Alikuwa na Kiswahili chake cha maziwa, alinisikia, na akachagua kuzungusha ng'ombe wake ili mimi nisiaibike. Yule mama wa Illasit mwenye mtoto mgonjwa hatakusikia ukimruka. Hakujui, wala hana deni la kukupenda. Atapokea dawa atakayopewa na kwenda nyumbani akiamini kwamba alisema yote.

Ndiyo maana nataka iwe wewe. Nimewaza wiki mbili ni nani ningetaka awe kwenye ile laini siku Kokoo atakapokuwa mbele ya daktari asiyejua Kimaa, na kila nikiwaza nakusikia ukimwambia mama yako kwamba viatu vyake ni vibaya.

Nitapita nyumbani nikuwekee barua hii juu ya laptop, kisha nirudi dukani. Nitarudi nyumbani kama saa moja, nikawie kidogo makusudi. Usije dukani kunitafuta, na usinipigie simu kuniambia umeelewa au umenisamehe. Mimi nimengoja miaka mingi, naweza kungoja mpaka chakula cha jioni. Kuna watu wanaongoja mpaka kesho saa nne tu. Wajibu hao kwanza.

Mimi baba yako,
anayejivunia wewe kupita siku ile ya wazee wanne